Ari ya Askari Bado Ipo

Jumanne, 4 Machi

Manchira tena. Pikipiki saa moja asubuhi, nikashuka pale juu ya bwawa ambapo simu inashika vizuri kuliko nyumbani. Wanaokuja kuchota maji wameshanizoea. Mama mmoja aliniuliza kama leo nitapiga makelele tena kama jana. Kumbe napiga makelele.

Wiki ya tatu tangu ubalozi wetu katika nchi ile ya vita utupunguze. Walibaki wachache kule, sisi wengine tukapandishwa ndege. Mkuu wangu alisema niende nyumbani Mbalibali, kwa Mama, niendelee kuandika taarifa kwa kupiga simu. Kwa hiyo naandika vita vya watu nikiwa juu ya jiwe, ng'ombe wanapita. Vichwa vya taarifa ni vilevile: mapigano, hasara, ari ya askari. Rafiki zetu, jeshi la serikali ya kule, wanapigwa. Hilo halina ubishi. Wanapigwa kiasi gani, ndilo sijui.

Leo nimempata Meja. Ni ofisa wa jeshi lao anayeshughulika na balozi za nje. Alisoma chuo hapa kwetu, Kiswahili anakijua, ila anamwamkia kila mtu shikamoo, hata mimi ambaye ni mdogo wake kwa miaka mingi. Nimeacha kumsahihisha. Anasema mji wa N. uko imara, daraja liko mikononi mwao, vijana wanaimba.

Nikampata na Sista Adela, anayeendesha zahanati mlemle N. Anasema hajasikia wimbo wowote.

Sitaandika majina ya miji humu. Hata haya sipaswi kuandika. Ila nisipoandika mahali nitachanganyikiwa kabisa.

Jumatano, 5 Machi

Tembo wamepita shamba la jirani. Mahindi yamelala yote kama yamepigwa na mtu. Watu wamesimama pembeni wanatazama. Mama alisema tushukuru kwetu hawakufika. Nikashukuru, nikaona aibu.

Ghati kapiga kutoka Sirari. Mdogo wangu. Mume wake, Chacha, ni dereva wa malori, na amefika N. jana na shehena ya unga kwa ajili ya jeshi. Sikujua kama amekwenda huko. Nilidhani yuko njia ya Kampala. Ghati anaongea kama mtu anayeelezea safari ya mnadani. Wako malori matano, wanasubiri kushusha.

Sikumwambia kitu. Nilisema vizuri, msalimie.

Ijumaa, 7 Machi

Siku ngumu kuielewa.

Meja: jeshi limeliacha daraja. Si kushindwa, anasema. Wamesogea nyuma kujipanga upya. Nilimwuliza wamesogea umbali gani. Akasema umbali wa kutosha. Nilimwuliza hasara. Akasema hasara ya kawaida. Kisha akaniuliza kama mvua imeanza huku kwetu, kwa sauti ya mtu aliyeketi barazani.

Sista: askari wanauza buti sokoni. Wengine hawauzi, wanabadilisha. Unatoa suruali ya kiraia na shati, unachukua buti na jaketi. Kijana mmoja aliingia zahanati na kuomba gauni. Sista alidhani ni la mke wake. Alitaka kulivaa yeye mwenyewe.

Nilimpigia Meja tena. Nikamwambia la buti, sikumtaja Sista. Alicheka. Akasema hao ni wezi waliovamia ghala, si askari wake, na askari wa kweli hawezi kuuza buti. Alisema kwa uhakika mpaka nikaona labda Sista ameona vibaya. Sista ana miaka zaidi ya sitini. Lakini buti si kitu cha kuona vibaya.

Mmoja kati yao anasema uongo, au wote wanasema kweli ya mahali walipo. Meja yuko makao makuu ya kikosi, maili nyingi kutoka sokoni. Sijui. Nimekaa kwenye jiwe mpaka jua likaniunguza shingo.

Kinachonisumbua ni cha mwezi uliopita. Niliandika kwamba mji mmoja wa mashariki umeanguka. Haukuwa umeanguka. Balozi wao alilalamika, Mkuu akaitwa kujieleza. Hakunigombeza. Alisema tu, "Bhoke, tusiwe wa kwanza kuwazika rafiki zetu." Sentensi hiyo bado iko kifuani.

Jumamosi, 8 Machi

Taarifa ilitakiwa saa nne. Niliandika mara mbili.

Ya kwanza: "Upo uwezekano mkubwa wa mji wa N. kuanguka ndani ya siku chache. Kuna dalili za askari kutoroka. Raia wetu walioko huko washauriwe kuondoka mara moja."

Nilimpigia Mkuu kabla ya kuituma, nikamsomea. Akauliza, "Una uhakika?"

Nikasema sina.

"Basi andika ulicho na uhakika nacho."

Si jambo baya kumwambia mtu. Hata mimi ningemwambia hivyo mtu wa chini yangu. Nikafuta. Nikaandika ya pili: "Jeshi limesogea nyuma ya mto kujipanga upya. Zipo taarifa za wizi wa vifaa ghalani. Ari ya askari bado ipo. Kwa sasa hakuna sababu ya taharuki kwa raia wetu."

Nikatuma.

Sasa nakaa hapa najiuliza. Sikuwa na uhakika na la ari pia. Sikuwa na uhakika nalo hata kidogo. Lakini habari njema haiulizwi kama una uhakika.

Saa sita Ghati akapiga. Sauti nyingine kabisa. Chacha amemwambia kule watu wameanza kufunga maduka. Wale wa malori wanabishana, waondoke na mzigo au wasubiri kushusha. Akasema, "Dada, wewe ndiyo kazi yako. Unajua. Nimwambie nini?"

Nilikuwa na nafasi ya kusema mambo mawili. Ningeweza kusema siruhusiwi kuongea. Ningeweza kusema toka, kimbia. Nikamsomea taarifa yangu. Ndiyo, nilimsomea, ile ya pili, kama vile mtu mwingine ndiye aliyeiandika na mimi naiamini.

"Askari bado wako vizuri. Amalize kushusha, atoke kwa utaratibu."

"Asante Dada. Namtumia ujumbe sasa hivi."

Kwa nini nilisema vile? Nimejaribu kujibu tangu mchana. Labda niliona nikimwambia Ghati tofauti na nilichoandikia ofisi, nitakuwa mwongo sehemu moja. Nilitaka niwe mkweli sehemu zote mbili. Ni sababu ya kijinga. Sina nyingine.

Jumapili, 9 Machi

Kanisani na Mama. Mahubiri sikuyasikia. Mchungaji aliombea wasafiri, nikainua kichwa kana kwamba ametaja jina langu.

Jumatatu, 10 Machi

Sista hapatikani. Meja hapatikani. Chacha hapatikani.

Nilidhani ni mtandao wa Manchira. Nikaenda Mugumu mjini. Hapatikani, hapatikani, hapatikani.

Jumanne, 11 Machi

N. imeanguka. Nimeisikia redioni kwa muuza vocha, Mugumu, katikati ya habari za bei ya pamba. Jana asubuhi, wanasema. Siku mbili baada ya taarifa yangu. Mtangazaji alitamka jina la mji vibaya.

Nilirudi nyumbani nikamkuta Ghati ameshafika. Alikuwa amepanda basi la asubuhi kutoka Tarime. Hajalia. Amekaa na Mama, anamenya viazi, anamenya na vile vilivyokwishamenywa. Aliponiona akasema, "Dada, ulisema wako vizuri."

Akarudi kwenye viazi.

Mama alisema kitu kwa Kikurya, kwamba atakayegombana leo akagombanie barabarani. Nikachukua kisu, nikamenya nao.

Jumatano, 12 Machi

Napiga. Hapatikani.

Ghati ananitazama nikipiga.

Jumapili, 16 Machi

Hali ilivyo. Mkuu hajanilaumu. Nilimwandikia taarifa ya marekebisho, nikaeleza kwamba nilikuwa na habari za buti kutoka kwa mtu wa kuaminika, nikaziita wizi wa ghala, na kwamba shemeji yangu yuko huko. Alijibu neno moja: "Imepokelewa." Baadaye akapiga, akauliza habari za Chacha, akauliza kama nakula. Nilitaka anigombeze. Angenigombeza ningejua nisimame wapi.

Mchana Meja akapiga. Namba ngeni. Kavuka mpaka, yuko nchi jirani, na wenzake kumi na kitu. Hakusema shikamoo. Nilisubiri aseme, hakusema.

Nilimwuliza kama alijua. Nilimwuliza ile Ijumaa, wakati anacheka, alijua?

Akasema, "Asubuhi nilijua. Mchana nikakuambia wewe, nikasikia maneno yangu yanavyosikika, nikayaamini. Wewe uliandika vizuri sana. Walinisomea. Nilifurahi kuona tuko hivyo."

Kumbe taarifa yangu iliwarudia. Balozi wao aliipata kwa njia zake, akaipeleka nyumbani kwao. Kwa hiyo Meja alinipa maneno, mimi nikayapeleka ofisini, yakamrudia yakiwa na heshima ya ofisi, naye akayashika kama habari mpya. Nimezunguka na jambo hili tangu mchana na bado sijui ni nani aliyemdanganya nani.

Nilitaka kumchukia. Alikuwa analia. Sijawahi kusikia mwanajeshi analia kwenye simu. Anavuta pumzi kama mtu aliyekimbia. Nikamwambia pole, Meja. Ghati alikuwa mlangoni. Akaniuliza ninampa nani pole.

Alhamisi, 20 Machi

Yuko hai.

Chacha yuko hai. Kapiga mwenyewe, simu ya kuazima, yuko kwenye misheni ng'ambo ya mpaka. Alitembea siku sita. Miguu imevimba. Lori hana. Ghati alishika simu kwa mikono miwili, akawa anasema tu "ee, ee, ee." Mama akapiga kigelegele, majirani wakaja wakidhani kuna mtoto kazaliwa.

Mimi nilitoka nikaenda nyuma ya zizi. Nilikaa chini kwenye matope ya mvua na nguo nzuri. Furaha, nadhani. Ilikuwa inafanana sana na kuumwa.

Jumatatu, 24 Machi

Sirari. Tumefika na Ghati jana, Chacha kashushwa leo saa nane na lori la wenzake. Amekonda mpaka masikio yanaonekana makubwa. Alipewa maji ya kuoga, akapewa ugali na maziwa ya mgando, akala polepole. Baadaye akaniita nje.

Nilijua anataka kunilaumu. Nilikuwa tayari. Nilishapanga ya kusema.

Hakunilaumu. Alisimulia tu. Jumamosi ile walikuwa malori matano, injini zinaunguruma. Walikuwa wamekata shauri kuondoka na unga uleule juu. Ndipo ujumbe wa Ghati ukaingia. Akawasomea wenzake kwa sauti. Akawaambia, shemeji yangu ni mtu wa ubalozi, anasema askari wako vizuri, tushushe tuondoke kwa utaratibu. Malori mawili hayakusikiliza, yakaenda zake. Matatu yalizima injini.

"Niliwaambia mimi, shemeji. Kwa kujisifu. Nilitaka wajue nina mtu."

Jumatatu asubuhi, wakiwa bado wanasubiri kushusha, askari wakaja mbio kutoka mtoni, bila mpangilio wowote, wengine peku. Hawakuwa adui. Walikuwa hao hao rafiki zetu. Walitaka malori. Chacha na mwenzake mmoja walitupa funguo wakakimbilia kichakani. Wa tatu, Wambura wa Kenyamonta, alikataa kutoa funguo. Alisema lori hili halina mtu wa kuliendesha ila yeye, gia yake ina ugonjwa wake. Wakamwambia basi endesha. Akapanda. Alimpungia Chacha mkono kutoka dirishani, akamwambia, "Mura, tutaonana mbele." Mura ni neno letu la vijana, kijana mwenzangu, hata kwa wenye mvi.

Lori liliondoka limejaa askari hadi juu ya turubai. Wambura hajaonekana tena. Hakuna anayejua walielekea wapi.

"Mke wake anajua nini?" nikauliza.

"Anajua tulikuwa pamoja. Sijaenda. Siwezi, shemeji."

Nimewaza jambo moja jioni nzima. Nilidhani deni langu ni kwa Ghati tu. Sikuwaza kwamba maneno yangu yangesomwa kwa sauti katikati ya malori.

Alhamisi, 27 Machi

Kenyamonta. Nimekwenda peke yangu.

Mke wa Wambura anaitwa Nyangi. Rika langu. Alikuwa anapalia, na aliponiona nimevaa viatu vya mjini akatupa jembe akaja mbio. Alidhani nina habari. Alikuwa amekwishatoa kigoda na kukifuta kwa kanga yake kabla sijasema jina langu. Baba mkwe wake alitoka ndani, nikamwamkia shikamoo, akaitikia huku ananitazama mikono kana kwamba nimebeba barua.

Nikasema. Nilisema kwa kusimama, sikukaa kwenye kigoda. Kwamba mimi ndiye shemeji wa Chacha. Kwamba ujumbe ulitoka kwangu. Kwamba niliandika ofisini kuwa hakuna sababu ya taharuki na nikamwambia mdogo wangu hivyohivyo. Kwamba Wambura aliondoka akiwa mzima, anaendesha lori mwenyewe, na waliomchukua ni askari wa upande wa rafiki zetu, na zaidi ya hapo sijui.

Mzee aliketi kwenye kigoda kile. Polepole.

Nyangi akauliza, "Ulikuwa unajua mji utaanguka?"

"Sikuwa najua."

"Ulikuwa unajua hautaanguka?"

"Sikuwa najua pia."

Alifikiri. Kisha akasema, bila ukali, kama mtu anayehesabu njia ya kufika mahali: "Ungesema hujui, wangeondoka."

Nimesoma miaka mingi, nimeandika taarifa nyingi sana, hakuna mahali tulipofundishwa kuandika neno hilo. Tunaandika "hali haijathibitika." Tunaandika "vyanzo vinatofautiana." Neno "sijui" halimo.

Nilitaka aniambie nimefanya vizuri kuja. Najua ni aibu kutaka hivyo. Hakusema. Akasema ana magugu ya kumaliza kabla ya mvua, akarudi shambani. Mzee alinisindikiza hadi njiani kwa sababu ndiyo adabu, tukaagana.

Jumatatu, 31 Machi

Barua imekuja kutoka ofisini: nirudi kazini baada ya Pasaka. Wanataka taarifa kuhusu mabaki ya jeshi la rafiki zetu, ari yao kule ng'ambo. Meja ndiye atakuwa chanzo; Sista bado hapatikani. Nimesoma mara tatu. Sijui kama nitakwenda. Mama anasema kazi haiachwi kwa hasira. Nikamwambia sina hasira. Akauliza sasa nina nini. Nikashindwa kumpa jina.

Mchana simu ya Nyangi. Namba yangu aliipata kwa Ghati. Hakusalimia kwa urefu. Alisema, "Wewe unajua kuongea na watu wa mpakani. Jumamosi nakwenda Sirari kuuliza kwenye malori. Twende."

Jumamosi, 5 Aprili

Tumeanza saa mbili asubuhi, foleni ya malori yanayoingia. Mvua ya manyunyu. Nyangi alikuwa na picha ya Wambura ndani ya mfuko wa nailoni ili isilowe. Kwenye picha Wambura amevaa shati jeupe, siku ya kipaimara cha mtoto wao. Alinipa mimi niishike. Mimi nawaita madereva, yeye anauliza. Hatukuwa tumepanga hivyo, imetokea tu.

Wa kwanza alisema amemwona, wiki iliyopita, mahali fulani, mzima kabisa. Nilimwuliza lori lake rangi gani. Akasema jeupe. La Wambura ni la bluu. Hakuwa mtu mbaya, alitaka tu kumfurahisha mwanamke aliyelowa mvua. Mwingine alisema wote waliochukuliwa wamekwisha, tusijisumbue. Naye nilimwuliza, naye hakuwahi kufika N. Nyangi aliwasikiliza wote wawili kwa uso uleule.

Adhuhuri tulikula chapati tukiwa tumesimama. Akaniambia Wambura anakoroma. Sijui kwa nini aliniambia. Nikacheka, naye akacheka kidogo, tukaendelea.

Wa nane au wa tisa, nimepoteza hesabu, alikuwa Mkenya, mtu mzima mwenye ndevu. Alishuka kabisa kwenye lori. Aliichukua ile picha, akaifuta matone kwa kiganja, akaitazama muda mrefu. Akamrudishia Nyangi, si mimi.

"Haki ya Mungu, mama, mimi sijui. Sijamwona. Hiyo njia sijapita tangu Krismasi."

"Asante," Nyangi akasema. Akamshika mkono kwa mikono yake miwili, akamtakia safari njema, akasubiri mpaka apande na kufunga mlango.

Tukasogea kwenye lori lililofuata.